Nani Alitangulia? Umri wa Mawe ya Sikuda na Funzo la Graptoliti



Nimeombwa nizungumzie visukuku na jinsi vinavyotumika kupima umri wa mawe. Sina budi kuanza na ukweli ulio chini ya miguu yetu: katika miamba ya dhahabu ya Sikuda, hapa Busia upande wa Uganda, hamna kisukuku cha mnyama hata kimoja, na anayekitafuta atachoka bure. Miamba hii ilikwisha kuganda zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Wanyama wa kwanza walioacha alama za kuonekana kwa macho walikuja baadaye mno, katika miaka milioni 600 ya mwisho. Mawe ya hapa yalikuwa tayari yameshakunjwa, yamepikwa kwa joto la ardhini na kumomonyolewa na mvua kabla bahari haijapata samaki wala konokono.

Kama hakuna kisukuku, umri huo umejulikanaje? Swali hilo ndilo litakalotuongoza leo. Nitalijibu kwa kupitia kiumbe mdogo wa baharini ambaye hakuwahi kuishi hapa, aitwaye graptoliti, kwa kuwa yeye ndiye aliyewafundisha wanajiolojia adabu ya kupanga mawe. Hoja yangu ni moja. Umri wa jiwe hausomwi kwanza kwenye tarakimu. Husomwa kwanza kwenye mpangilio: lipi lilitangulia, lipi likafuata, lipi lililikata jingine. Tarakimu za miaka huja baadaye kuupa mpangilio huo kipimo, na tarakimu isiyo na mpangilio nyuma yake ni ya kutiliwa shaka.

Kiumbe na alama yake

Ukipasua mwamba mweusi wa tope lililogandamana huko Scotland, Wales, Ucheki, China au Morocco, unaweza kukuta juu ya uso wake mistari midogo inayong'aa kidogo, mingi ikiwa na urefu wa sentimita chache tu. Mmoja umenyooka na una meno upande mmoja. Mwingine una meno pande zote mbili. Mwingine umegawanyika matawi mawili, na mwingine umejipinda mduara. Kwa mtu asiyejua, hiyo ni michoro ya penseli iliyofutika nusu. Hata Carl Linnaeus, mtaalamu wa Sweden aliyeupanga ulimwengu wa mimea na wanyama, alipoziandika alama hizi mwaka 1735 aliziweka kwenye fungu la vitu vinavyofanana na visukuku bila kuwa visukuku.

Kumbe ni mabaki ya viumbe hai, na kila mstari ni makazi ya kundi zima. Kila mnyama alikuwa mdogo mno, akiishi ndani ya kikombe chake alichokijenga kwa protini aliyoitoa mwilini. Kundi lote lilianzia kwenye kikombe kimoja cha kwanza, halafu wengine wakachipuka kutoka kwake mmoja baada ya mwingine. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Roman Kozłowski wa Poland alichapisha kazi kubwa iliyotokana na kuyeyusha mawe kwa asidi hadi makazi hayo laini yakabaki peke yake, kamili, bila kubanwa. Alipoyachunguza aliona kwamba ujenzi wake unafanana na wa viumbe wadogo ambao bado wanaishi kwenye sakafu ya bahari leo, wakiwemo wale waitwao Rhabdopleura. Kundi hilo ni jamaa wa mbali wa wanyama wenye uti wa mgongo. Kwa hiyo graptoliti yuko karibu nasi kiukoo kuliko alivyo kaa au mdudu.

Graptoliti wa kwanza waliishi wameshikamana na sakafu ya bahari. Mwanzoni mwa kipindi cha Ordovisi, takriban miaka milioni 485 iliyopita, wengi waliiacha sakafu wakaanza kuelea. Mikondo ikawabeba bahari hadi bahari. Walipokufa walizama polepole mpaka kwenye tope jeusi la kina kirefu, mahali ambapo oksijeni ilikuwa haba na hapakuwa na mnyama wa kuwatafuna. Tope likawafunika, likakandamizwa, likawa mwamba. Wale wanaoelea walitoweka mapema katika kipindi cha Devoni, miaka milioni 410 hivi iliyopita.

Sifa nne zinawafanya wawe hazina kwa mpimaji wa umri. Walienea mbali, kwa hiyo aina moja hupatikana katika mabara tofauti. Walikuwa wengi. Maumbo yao hutambulikana kwa macho au kwa lenzi ya mkononi. Na zaidi ya yote, kila aina ilidumu muda mfupi kwa hesabu ya dunia, ikatoweka, nyingine ikachukua nafasi. Kipindi cha Siluri peke yake, chenye miaka milioni 24 hivi, kimegawanywa katika kanda zipatazo 40 kwa kutumia graptoliti. Hiyo ni wastani wa chini ya miaka milioni moja kwa kanda. Ukizingatia kwamba tunazungumza juu ya mambo ya zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, huo ni usahihi mkubwa.

Mwalimu wa shule na korongo la Dob's Linn

Aliyeuona uwezo huo kikamilifu hakuwa profesa. Charles Lapworth alikuwa mwalimu wa shule katika mji wa Galashiels, kusini mwa Scotland, alikoanza kazi mwaka 1864. Vilima vya huko vimejaa miamba ya tope na mchanga iliyosimama wima, na wanajiolojia waliomtangulia walikuwa wameihesabu kama rundo moja la unene wa ajabu, tabaka juu ya tabaka.

Lapworth alifanya kazi ya subira. Katika korongo dogo la Dob's Linn, karibu na Moffat, aliikagua miamba myeusi hatua kwa hatua, akiandika ni graptoliti gani anatoka katika tabaka gani. Mwaka 1878 alichapisha matokeo. Mfuatano uleule wa graptoliti ulijirudia mara nyingi vilimani, mahali pengine ukiwa umegeuzwa juu chini. Maana yake ilikuwa moja tu: rundo lile nene lilikuwa tabaka chache, nyembamba, zilizokunjwa na kukatwa na nguvu za ardhi, kisha zikapangika upya moja kando ya nyingine. Ramani rasmi zilizoandaliwa kwa miaka mingi zilibidi zirudiwe. Mwaka uliofuata, 1879, akapendekeza kipindi kipya, Ordovisi, kati ya Kambri na Siluri, akaumaliza ugomvi wa wanajiolojia Adam Sedgwick na Roderick Murchison, ambao kila mmoja alikuwa akidai kwamba mawe hayo ya katikati ni ya kipindi chake.

Kazi ya kuwaeleza graptoliti wote wa Uingereza ilifanywa na wanawake wawili, Gertrude Elles na Ethel Wood, chini ya uhariri wa Lapworth. Kitabu chao kilitoka kwa sehemu kati ya 1901 na 1918, na bado kinafunguliwa na watafiti. Wote wawili walisoma Cambridge wakati ambapo chuo hicho hakikuwapa wanawake shahada kamili; kiliwapa mwaka 1948. Nawaambia hivyo mabinti mlioketi mbele, mjue kwamba mlango huu ulifunguliwa na nani.

Leo dunia nzima imekubaliana kwamba mwanzo wa kipindi cha Siluri husomwa palepale Dob's Linn, mahali aina moja ya graptoliti inapotokea kwa mara ya kwanza. Mwanzo wa Devoni uliwekwa mwaka 1972 huko Klonk, Ucheki, na huo nao ulipimwa kwa graptoliti. Mstari uliochorwa kwenye mwamba mmoja unawaongoza wanajiolojia wa mabara yote.

Marika na miaka

Ndugu zetu Wabukusu, wanaoishi kwenye miteremko ya Mlima Elgon, wanayo hesabu inayofanana sana na hii. Mzee wa zamani huenda hakuujua mwaka aliozaliwa, lakini alijua rika lake: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma au Sawa. Ukimtajia mtu wa rika jingine, mara moja anajua nani mkubwa. Hana kalenda, ila mpangilio anao, na haukosei. Graptoliti walimpa Lapworth kitu hichohicho. Hakujua tabaka lake lina miaka mingapi. Alijua lipi ni kaka na lipi ni mdogo, na hilo lilitosha kuirekebisha ramani ya nchi.

Tofauti ipo, nayo ni kubwa. Majina ya marika huzunguka. Baada ya karibu karne moja, jina hurudi. Ukiambiwa tu "ni Maina", inabidi uulize Maina ya lini. Aina ya graptoliti ikitoweka hairudi kamwe. Maumbile hayajirudii kwa ukamilifu, na ndiyo maana kisukuku kimoja kidogo kinaweza kuutambulisha wakati bila kuuchanganya na mwingine.

Mpangilio ulipataje tarakimu? Kwa majivu ya volkano. Katikati ya matope ya Dob's Linn kuna tabaka nyembamba za majivu yaliyoangukia baharini, na ndani yake kuna chembe za madini ya zirkoni. Zirkoni inapoganda hukubali urani ndani yake lakini huikataa risasi. Kwa hiyo risasi unayoikuta humo baadaye imetokana na urani iliyooza. Nusu ya urani-238 hugeuka risasi kwa miaka bilioni 4.47, nusu ya urani-235 kwa miaka milioni 704. Chembe moja ina saa mbili zinazochungana, na zikitofautiana unajua kuna jambo limeivuruga. Ndivyo mwanzo wa Siluri ulivyopata umri wake, takriban miaka milioni 443.

Mmoja wa waanzilishi wa njia hii, Arthur Holmes, alichapisha vipimo vyake vya kwanza mwaka 1911, na mwaka huohuo alikuwa Msumbiji akitafuta madini, ambako malaria ilimlaza vibaya. Elimu ya miaka ya mawe na Afrika yetu ya Mashariki zimejuana tangu mwanzo.

Kurudi Sikuda

Sasa tuirudie ardhi yetu. Kutoka Busia kwenda Kakamega, na kuvuka hadi upande wa kusini wa Ziwa Viktoria, kuna mikanda ya miamba ambayo wanajiolojia huiita mawe ya kijani, kwa rangi ya madini yaliyozaliwa lava ya kale ilipopashwa moto upya. Upande wa Kenya, vilima vya Samia vina miamba yenye tabaka za chuma. Wahunzi wa Samia waliyeyusha madini ya vilima hivyo na majembe yao yaliuzwa mbali kabla ya ukoloni. Kundi la kale zaidi, lenye lava na tabaka za chuma, limepewa jina la Nyanza. Kundi la pili, lenye mchanga, tope na changarawe zilizogandamana, limepewa jina la Kavirondo.

Nani alitangulia? Hapa hakuna graptoliti wa kutuambia. Lakini ukiuvunja mwamba wa changarawe wa kundi la Kavirondo, utakuta ndani yake kokoto za lava na za mawe ya kundi la Nyanza. Kokoto haiwezi kuwa changa kuliko mwamba uliomeza kokoto hiyo. Kwa hiyo Nyanza ilikuwepo, ikainuka, ikamomonyoka, vipande vikabebwa na maji, ndipo Kavirondo ikaumbika. Kisha miamba ya granaiti ikapenya na kuyakata makundi yote mawili. Kinachokata ni kichanga kuliko kilichokatwa. Na mishipa ya kwatzi nyeupe mnayoifuata ninyi wachimbaji, yenye dhahabu, hukata miamba iliyokuwepo kabla yake. Mpangilio mzima unasomeka kwa macho na nyundo. Zirkoni kutoka kwenye lava na granaiti zikaja kuupa miaka: zaidi ya bilioni mbili na nusu.

Utaratibu wa Lapworth wa kupanga umefanya kazi pasipo mnyama wa Lapworth. Alichotuachia ni utaratibu, na utaratibu huo unasafiri hata mahali visukuku visipofika.

Chokaa isiyo na kombe

Tazameni kaskazini, mahali ulipo Mwamba wa Tororo. Vitabu vya shule vinatuambia chokaa huumbika baharini kutokana na makombe na matumbawe. Mwanafunzi mwenye akili atauliza: mbona chokaa ya Tororo, iliyolisha kiwanda cha saruji tangu miaka ya 1950, haina kombe hata moja? Ni ya kale sana? La, kinyume chake. Volkano za Tororo, Sukulu na Bukusu ni changa mno mbele ya mawe ya Sikuda. Ni za zama za mamalia, baada ya dinosaria kutoweka.

Jibu ni kwamba chokaa hii ilitoka chini ikiwa imeyeyuka. Ni kabonatiti, mwamba wa moto wenye kaboneti. Kwa muda mrefu wataalamu wengine walikataa kwamba jambo hilo linawezekana. Mwaka 1960 mlima Oldoinyo Lengai wa Tanzania ulimwaga lava ya aina hiyo mbele ya macho ya watu, na mwanajiolojia J. B. Dawson alipoyachapisha matokeo mwaka 1962, ubishi ulipungua sana. Fosfeti ya Sukulu, inayoweza kuwa mbolea ya mashamba yetu, imetokana na kuoza kwa miamba hiyohiyo juani na mvuani.

Basi kutokuwepo kwa visukuku si kipimo cha umri. Sikuda havipo kwa sababu miamba ni mizee kupita wanyama. Tororo havipo kwa sababu mwamba ulizaliwa motoni. Ukimya mmoja, sababu mbili, na kati yake tofauti ya zaidi ya miaka bilioni mbili.

Moroto: pale vipimo vinapopingana

Msidhani kwamba tarakimu ikishatolewa mjadala umefungwa. Kaskazini zaidi, kwenye mlima Moroto, W. W. Bishop na wenzake walikusanya mabaki ya nyani mkubwa asiye na mkia, chini ya lava. Vipimo vya potasiamu na agoni vilivyochapishwa miaka ya 1960 viliipa lava hiyo umri wa karibu miaka milioni 14. Mwaka 1997 Daniel Gebo, Laura MacLatchy na wenzao walipima upya kwa njia bora, wakapata zaidi ya miaka milioni 20.6, na nyani akaitwa Morotopithecus bishopi kwa heshima ya Bishop. Martin Pickford na wenzake walipinga: kwa kuwalinganisha wanyama waliopatikana hapo na wa sehemu nyingine, waliona umri wa miaka milioni 17 hivi. Mwaka 2023 kundi la watafiti lilichapisha vipimo vipya vya karibu milioni 21.

Visukuku vilisema hivi, atomu zikasema vile. Lakini angalieni ni nini ambacho hakikubadilika katika miaka hiyo yote: lava iko juu, mifupa iko chini. Mifupa ni mikubwa kwa umri kuliko lava. Tarakimu zilipanda na kushuka, mpangilio ukasimama imara.

Faida yake kwetu

Huko kwenye graptoliti, kulinganisha tabaka kumezaa utajiri. Mwishoni mwa Ordovisi barafu kubwa ilifunika sehemu ya Afrika ambayo leo ni Sahara, na graptoliti walikaribia kuisha. Barafu ilipoyeyuka, bahari ikapanda juu ya kaskazini mwa Afrika na Uarabuni, ikaacha matope meusi ya Siluri. Tope la Qusaiba huko Saudi Arabia ndilo chanzo cha sehemu ya mafuta na gesi ya nchi hiyo, na graptoliti waliomo husaidia kulitambua tabaka hilo kutoka kisima hadi kisima. Vijana wetu wengi wanaofanya kazi Ghuba wanaishi juu ya matope hayo.

Kwetu ulinganishi hufanywa kwa zirkoni na mpangilio, na faida yake ni ileile. Geita na Mara ya Kaskazini nchini Tanzania, Migori na Kakamega nchini Kenya, na Busia hii: dhahabu yao yote imo katika mikanda ya mawe ya kijani ya zama moja kwa jumla. Anayeijua Geita ana la kujifunza hapa. Lakini umri mmoja si ahadi ya utajiri mmoja. Mwekezaji akija na kusema mawe yenu ni ya umri wa Geita, kwa hiyo mna dhahabu ya Geita, amewauzia nusu ya hoja. Mwulizeni mishipa inakata nini, na yenyewe imekatwa na nini. Mwulizeni sampuli ilitoka kina gani, na kama ilichukuliwa mwambani au kwenye kifusi.

Na ninyi wachimbaji, mashimo yenu yanafika kwenye mwamba mbichi ambao mwanajiolojia wa Entebbe haoni juu ya ardhi, kwa maana juu kote kumefunikwa na udongo mwekundu. Kila siku mnaona mshipa ukivuka mwamba, ukikatika, ukipotea na kutokea tena kando. Kisha jiwe linaingia kwenye karasha na ushahidi wote unakuwa unga. Naomba kabla ya hapo mchore kwenye daftari la kawaida: kina cha shimo, mshipa unaelekea wapi, unakata mwamba wa rangi gani, nini kinaukata wenyewe. Daftari la namna hiyo litawasaidia kuutafuta mshipa uliopotea mwezi ujao, na litamsaidia mpimaji wa zirkoni kujua achukue jiwe lipi. Lapworth alianza hivyo, akiwa mwalimu wa shule mwenye nyundo na karatasi, bila maabara. Kazi ya kupanga haihitaji mashine. Inahitaji mtu aliyepo mahali pale, anayeandika anachokiona kabla hakijaondolewa, na hapa Sikuda watu hao ni ninyi.